Mafuta ya Mimea na Uhai wa Pampu ya Dizeli

(Hotuba iliyotolewa katika Siku ya Wanafunzi wa Zamani na mmoja wa waliomaliza kidato cha sita hapa mwaka 2001, ambaye sasa ni mhandisi katika utumishi wa Serikali.)



Mara ya mwisho niliposimama mbele ya jukwaa hili nilikuwa nimeitwa kwa kosa la kuchelewa gwaride, na maneno niliyoyasema siku ile yalikuwa machache sana. Leo nimepewa nusu saa nzima. Ni dhahiri kwamba ukikaa duniani muda wa kutosha, hata mchelewaji hupata nafasi yake.

Barua ya Katibu iliniomba nizungumze juu ya kazi za mhandisi katika utumishi wa umma. Hotuba hiyo niliiandika, na ninayo mfukoni. Lakini nilipofika jana jioni nilikuta mambo mawili. La kwanza, jenereta ya shule imefunguliwa na vipande vyake vimetandazwa juu ya gunia. La pili, kwenye ubao wa matangazo kuna karatasi isemayo kwamba Klabu ya Sayansi imesimamishwa mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Nikauliza, nikaambiwa kwamba vijana wa klabu walitengeneza dizeli kutokana na mafuta ya mimea, wakaimimina katika tangi la jenereta, na baada ya wiki chache pampu ikakwama. Usiku, wakati wa chakula, baadhi yetu sisi wakubwa tulikwisha kutoa hukumu: watoto wameua mashine.

Nimemwomba Mkuu wa Shule ruhusa ya kubadili mada, naye kwa hisani yake amekubali. Nitazungumza juu ya jambo moja dogo ambalo wengi wetu hatulifikirii tunapotia mafuta: kwamba dizeli, pamoja na kuungua, ina kazi ya pili ya kulainisha mashine inayoisukuma. Nikimaliza hilo nitawasimulia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, kwa sababu ya kutolijua jambo hilo vizuri.

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto kama ya petroli. Hewa hubanwa mpaka inakuwa ya moto sana, kisha mafuta hurushwa ndani yake kwa nguvu, yakiwa kama ukungu, nayo yanawaka yenyewe. Kazi ya kuyarusha ni ya pampu na nozeli. Hata katika injini za zamani kama hii yetu, mafuta husukumwa kwa nguvu inayofika kama mara 200 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Katika magari ya siku hizi nguvu hiyo hupita mara 2,000.

Ili nguvu hiyo isivuje, pistoni ndogo iliyo ndani ya pampu lazima ikae katika kitundu chake kwa kubanana sana. Nafasi kati ya vyuma hivyo viwili ni kama mikromita 2 hadi 4. Mikromita ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu, na unywele wa kichwa chako una unene wa mikromita 70 hivi. Katika nafasi hiyo huwezi kutia grisi, wala oili ya injini haiingii. Zipo pampu ambazo sehemu zake za chini hupata oili, lakini pistoni yenyewe na sindano ya nozeli hulainishwa na mafuta yale yale yanayopita kwenda kuungua. Zipo na pampu nyingine, hasa za magari, ambazo kila kitu ndani yake kinaitegemea dizeli peke yake. Kwa hiyo basi, mafuta yakikosa uwezo wa kulainisha, chuma kitasugua chuma, na pampu ya bei kubwa itakwisha kabla ya wakati wake.

Sasa, ni kitu gani ndani ya dizeli kinacholainisha? Wengi watajibu kuwa ni unene wake, na ni kweli kwamba unene husaidia. Mafuta mazito hujitandaza kati ya vyuma na kuvitenganisha. Lakini pale vyuma vinapokaribiana kabisa, unene hautoshi. Hapo panahitajika kitu kinachoshika juu ya chuma na kubaki hapo. Katika dizeli zimo chembechembe chache zenye oksijeni au nitrojeni, ambazo upande wake mmoja hupenda chuma. Upande huo hung'ang'ania chuma, na mkia wake mrefu hubaki nje. Zikijipanga nyingi pamoja hufanya kitu mfano wa zulia jembamba sana, na chuma kinapokutana na chuma, mazulia mawili ndiyo yanayosuguana.

Chembechembe hizo ni chache mno, na kwa miaka mingi hakuna aliyezijali. Zilijulikana kwa kukosekana. Dizeli ya zamani ilikuwa na salfa nyingi, na moshi wa salfa una madhara kwa mapafu, kwa mimea na kwa mitambo ya kusafishia moshi. Nchi ya Uswidi ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuchukua hatua kali. Mwaka 1991 iliingiza dizeli safi ya daraja la kwanza, yenye salfa isiyozidi sehemu 10 katika milioni. Lilikuwa jambo jema kwa hewa. Lakini baada ya muda usio mrefu, pampu za magari zikaanza kufa kwa kusagika.

Watu walidhani salfa ndiyo iliyokuwa ikilainisha. Uchunguzi ulionyesha kuwa sivyo hasa. Ili kuondoa salfa, kiwanda huyapitisha mafuta pamoja na haidrojeni katika joto na mgandamizo mkubwa. Kazi hiyo ikifanywa kwa ukali, huondoa pia zile chembechembe chache zenye oksijeni na nitrojeni, na pamoja nazo zile za jamii nzito zilizosaidia kulainisha. Takataka ilitolewa, na walinzi wakatolewa pamoja nayo. Tangu hapo viwanda vinaposafisha dizeli namna hiyo huirudishia kiasi kidogo cha dawa ya kulainisha. Na dawa hizo, wadogo zangu, nyingi zimetokana na asidi za mafuta ya mimea.

Jambo hili si la Uswidi peke yake. Mwaka 2015 nchi za Afrika ya Mashariki nazo zilianza kutumia kipimo cha salfa kisichozidi sehemu 50 katika milioni. Ninyi mlioko hapa mnavuta hewa bora kuliko tuliyoivuta sisi nyuma ya mabasi ya zamani. Lakini ni lazima tujue kwamba dizeli ya leo si ile ya baba zetu, na kwamba uwezo wake wa kulainisha ni kitu kilichowekwa kwa makusudi, ambacho mtu akichezea mafuta njiani anaweza kukiharibu.

Uwezo huo hupimwa. Kipimo kinachotumika zaidi ni rahisi kukieleza. Huchukuliwa kipira cha chuma cha kipenyo cha milimita 6, kikakandamizwa kwa uzito wa gramu 200 juu ya kisahani cha chuma kilichozama katika mililita 2 za mafuta yenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi. Kipira husuguliwa mbele na nyuma, hatua ya milimita moja, mara 50 kwa kila sekunde, kwa dakika 75. Kisha hutazamwa kwa darubini ndogo kuona kovu lililobaki juu ya kipira. Ulaya kovu hilo lisizidi mikromita 460. Marekani lisizidi 520. Dizeli iliyosafishwa sana, isiyotiwa dawa, mara nyingi hupita mipaka hiyo.

Hapa ndipo mafuta ya mimea yanapoingia, na historia yake ni ya zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyebuni injini hii, alieleza mwaka 1912 kwamba katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, ikafanya kazi vizuri kiasi kwamba watu wachache tu walitambua. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio lile, ikifikiria makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zilikuwa nyingi na makaa ya mawe hayakuwapo.

Lakini mafuta ya mimea yakiwa mabichi, kama yalivyokamuliwa, ni mazito kuliko dizeli zaidi ya mara kumi. Yanaweza kuwasha injini leo, na kesho yakaacha masizi na gundi kwenye nozeli. Mwaka 1937 Mbelgiji mmoja, Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels, alipata hataza ya njia ya kuyapunguza uzito: kuyachanganya na pombe ili yageuke kuwa esta. Mwaka uliofuata, 1938, basi la abiria liliendeshwa kati ya Brussels na Louvain kwa esta ya mafuta ya mawese yaliyotoka Kongo. Mawese ya ndugu zetu wa Kongo yalikwisha kuendesha basi la Ulaya kabla wengi wa babu zetu hawajapanda basi lolote.

Njia hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo. Kilo 100 za mafuta ya mimea huchanganywa na kilo 10 au 11 za methanoli pamoja na kostiki soda kidogo ya kuharakisha kazi. Hupatikana karibu kilo 100 za esta na kilo 10 hivi za gliserini, ambayo hutuama chini na kuondolewa. Kisha esta huoshwa na kukaushwa. Unene wake sasa umekaribia ule wa dizeli.

Na uwezo wake wa kulainisha? Huu ndio moyo wa maneno yangu. Kila chembe ya esta ina oksijeni upande mmoja na mkia mrefu upande wa pili. Ni ile ile sura ya walinzi waliotolewa kiwandani. Kwa sababu hiyo, ukichukua dizeli kavu, isiyo na dawa, ukaitia esta asilimia 1 au 2 tu, kwa kawaida kovu la kipira hushuka na kuingia ndani ya mpaka. Huhitaji nusu kwa nusu. Zulia likikwisha kutandikwa, kuongeza zulia juu ya zulia hakuleti faida nyingi.

Tena kuna jambo la ajabu ambalo watafiti wameliona. Esta iliyosafishwa mpaka mwisho hulainisha vibaya kuliko ile ambayo haikusafishwa sana, kwa sababu mabaki ya asidi huru na ya mafuta yaliyogeuka nusu hung'ang'ania chuma kwa nguvu kuliko esta yenyewe. Hata hivyo mtu asije akachukua hayo kuwa ruhusa ya uvivu, kwa maana mabaki yakizidi hula chuma na kuziba chujio. Kipimo ndicho kinachofanya kitu kiwe dawa au sumu.

Vile vile si kila dizeli itokayo kwenye mmea inalainisha. Siku hizi kuna dizeli inayotengenezwa kwa kuyapitisha mafuta ya mimea katika haidrojeni, kama inavyofanywa dizeli ya kawaida. Ni safi, inawaka vizuri sana, lakini oksijeni yake yote imeondolewa. Kwa hiyo nayo hulainisha vibaya mpaka itiwe dawa. Kwa hiyo mtu akikuambia tu kwamba mafuta haya ni ya mimea, bado hujajua kama yatailinda pampu. Lazima uulize yalitengenezwaje.

Vijana wa klabu walitumia nyonyo, na naona walichagua kwa busara, hata kama hawakujua sababu. Karibu asilimia 90 ya mafuta ya nyonyo ni asidi ya aina moja yenye oksijeni ya ziada katikati ya mkia wake. Ndiyo maana nyonyo ililainisha injini za ndege katika Vita ya Kwanza ya Dunia, na ndiyo maana esta yake hufanya kazi ya kulainisha hata ikiwa chini ya asilimia moja. Lakini esta hiyo ni nzito mno kutumiwa peke yake. Ni kiungo, siyo chakula. Nanyi mlioikamua kumbukeni kwamba mbegu na mashudu yake yana sumu kali. Asilishwe mnyama wala kuachiwa mtoto.

Nchi nyingine zimekwenda mbali na michanganyiko hii. Dizeli ya kawaida ya Ulaya inaruhusiwa kuwa na esta mpaka asilimia 7. Indonesia, yenye mawese mengi, iliweka asilimia 35 mwaka 2023 na ikapandisha mpaka 40 mwaka 2025. Kwetu tuliambiwa zamani kwamba mbono kaburi utatutajirisha. Katika miaka ya 2006 hadi 2012 mashamba makubwa yalifunguliwa Kilwa na Kisarawe, yakafungwa, na wanavijiji wakabaki wakiuliza habari za ardhi yao. Sina nia ya kufufua ndoto hiyo. Ninachosema ni kidogo zaidi, na nadhani ni cha hakika zaidi: kwamba lita mbili za esta nzuri katika lita mia za dizeli zina faida ambayo haihitaji shamba la maelfu ya ekari.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Nilihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikaajiriwa mwaka 2007, nikapangiwa idara ya maji katika wilaya moja ya kanda ya kati. Katika kijiji kimoja palikuwa na kisima kirefu chenye mashine ya dizeli. Mwendesha mashine alikuwa mzee mmoja ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini aliijua mashine ile kwa sauti, kama mchungaji anavyomjua ng'ombe wake. Mwaka 2009 pampu ya mafuta ya mashine ile ilikufa mara mbili. Tukatumwa watu watatu kuchunguza. Mimi ndiye niliyekuwa na shahada.

Tulikaa pale saa mbili. Tukakuta chujio la zamani. Tukamwuliza mzee, akasema: "Mafuta mnayotuletea siku hizi yananuka taa." Tukamtazama kama watu wanaosikiliza utetezi. Niliandika taarifa kwa mkono wangu, nikasema chanzo ni uzembe wa mwendesha mashine kutobadilisha chujio kwa wakati. Maneno yake niliyaweka katika mstari mmoja: "Mhusika alijitetea kwamba mafuta ni mabaya." Nikatia sahihi. Mzee akaondolewa kazini. Wakati tukingoja pampu mpya, akina mama wa kijiji kile walirudi kuchimba maji kwenye mchanga wa mto.

Baada ya miezi minane pampu ya tatu ikafa, na sasa mwendeshaji alikuwa mwingine, kijana aliyebadilisha chujio kila mwezi kama tulivyomwagiza. Hapo ndipo nilipoona aibu. Nikachukua chupa ya mafuta yale nikaipeleka Dar es Salaam kupimwa. Majibu yalisema kwamba sehemu kubwa ilikuwa mafuta ya taa.

Ninyi vijana pengine hamlijui jambo hili. Wakati ule ushuru wa mafuta ya taa ulikuwa mdogo kuliko wa dizeli, kwa kuwa ndiyo taa na jiko la mwananchi. Wapo wafanyabiashara waliochanganya viwili hivyo na kuuza vyote kwa bei ya dizeli. Injini iliwaka, tena bila kulalamika sana. Lakini mafuta ya taa ni mepesi na hulainisha vibaya. Kila pigo la pistoni lilikuwa likiikwangua pampu. Serikali ilianza kuyawekea mafuta vinasaba mwaka 2010, na katika bajeti ya mwaka 2011/12 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili biashara ile ikose faida. Lakini kwa kijiji kile pampu tatu zilikwisha kufa, na mzee mmoja alikwisha kuitwa mzembe.

Niliandika taarifa ya pili, nikaifuta ya kwanza. Mzee akaitwa arudi kazini. Nilikwenda mwenyewe kumpelekea barua, nikamkuta kwa binti yake, analima vitunguu. Aliisoma barua taratibu, akaikunja. Akaniambia: "Mwanangu, mimi nilisema. Ninyi ndio mlioandika." Hakurudi kazini. Hakunitukana pia, na laiti angenitukana ningelala vizuri zaidi usiku ule.

Ndugu Mwenyekiti, ndiyo maana jana usiku, niliposikia tukisema kwamba watoto wameua mashine, sikuweza kula chakula changu.

Leo asubuhi mimi na fundi wa shule tuliiangalia pampu ile kwa makini. Pampu iliyokufa kwa kukosa ulainishaji huonyesha chuma kilichokwanguliwa na kung'aa vibaya pale panapobanana. Iliyokufa kwa mchanga huwa na mikwaruzo mirefu. Hii yetu ina kutu nyekundu, na kutu ni kazi ya maji. Tulifungua koki ya chini ya tangi, na kabla ya dizeli yakatoka maji kiasi cha nusu kikombe. Kifuniko cha tangi hakipo. Pamezibwa kwa kitambaa. Na masika haya mvua imenyesha kweli kweli.

Je, vijana hawana kosa? Sisemi hivyo. Esta hunyonya maji kuliko dizeli, na kama haikukaushwa sawasawa huja na maji yake. Hulegeza pia uchafu wa miaka mingi ulioganda ndani ya tangi, ukaenda kwenye chujio. Vijana hawakubadilisha chujio, hawakuandika popote ni siku gani walitia nini, wala hawakumpa mwalimu sampuli. Kwa hiyo hata mimi siwezi kuapa kwamba lita zao mbili hazikuchangia hata kidogo. Lakini kwamba mafuta yao yaliisaga pampu, hapana. Pampu haikusagika. Na kifuniko cha tangi hakikupotezwa na Klabu ya Sayansi. Nimeambiwa na fundi kwamba kitambaa kile ni cha tangu mwaka juzi, na sisi wanachama tulikiona mwaka jana tulipokuja, tukapita.

Kwa hiyo basi ninayo maombi machache. Kwa vijana wa klabu: msitie tena kitu chochote katika mashine ya watu bila idhini. Methanoli hupofusha na kuua. Isishikwe bila mwalimu kuwapo. Esta yenu ioshwe, ikaushwe, na kila chupa iandikwe tarehe. Anzeni na injini mbovu ya kujifunzia, si na taa za wenzenu wanaosoma usiku. Na wekeni daftari. Daftari lingewatetea leo kuliko ninavyowatetea mimi.

Kwetu sisi wakubwa: kabla ya kununua pampu mpya, tununue kifuniko cha tangi na chujio la kutenga maji. Vitu hivyo viwili ni rahisi kuliko chakula cha mchana tulichoandaliwa leo, na bila hivyo pampu mpya nayo itakufa. Mimi natoa bei ya kifuniko na chujio; pampu tuichangie pamoja.

Na kwako, Ndugu Mkuu wa Shule, nakuomba kwa heshima zote ile karatasi ya ubaoni itazamwe upya. Nchi hii itahitaji watu wanaojua kwamba mafuta yanalainisha, na kwa nini. Watu hao hawatatoka mahali pengine. Wamekaa pale safu ya nyuma, wameinamisha vichwa, wakidhani wao ni wahalifu.

Naomba tu tusiandike kabla ya kusikiliza. Mimi niliandika.